Lita 40 kwa wiki: hesabu ya maji ya tangi la samaki wa baharini Kwale

Anayefuga samaki wa baharini nyumbani kwake Ukunda au Msambweni ana kitu ambacho mwenzake wa Nairobi hukinunua kwa kilo: bahari yenyewe. Maji waliyozaliwamo samaki kama kitatange na kangaja yako karibu na mlango wake, na hakuna anayeyauza. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba huku Pwani ya Kusini kubadilisha maji ya tangi hakuna gharama. Gharama ipo. Imo katika kubeba, kuhifadhi, kusafisha na kuchagua saa ya kuchota. Na kuna jambo moja linaloamua ukubwa wake kuliko mengine yote, nalo ni chakula kinachotiwa majini kila siku.

Jibu kwa ufupi ni hili. Tangi lenye lita 200 za maji, lililolishwa kwa kiasi, linahitaji kubadilishiwa lita 40 kwa wiki, yaani asilimia 20. Kwa mwaka hizo ni lita 2,080, uzito wa tani 2 na zaidi kidogo. Ukichota baharini, kazi hiyo itakugharimu karibu shilingi 11,500 kwa mwaka. Ukitumia chumvi ya dukani, utakaribia shilingi 50,000. Bei nilizozitumia ni za mfano na nimeziweka wazi kila zinapoingia, ili msomaji atoe zangu na kuweka za mtaani kwake. Lita, gramu na asilimia hazibadiliki kwa mtaa.

Tangi tunalolipigia hesabu

Chukua tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 45. Likijazwa hadi ukingoni lingebeba lita 243. Toa nafasi ya juu isiyojazwa, mchanga na mawe, zibaki lita 200 za maji. Ndani yake kuna samaki wadogo watano au sita, pampu ya kuzungusha maji, kichujio cha povu na taa.

Samaki hao huenda wametoka karibu. Kwa miongo kadhaa wazamiaji wa pwani ya Kenya wamekuwa wakikamata samaki wa mapambo kwenye miamba, na wengi wa samaki hao husafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya, Marekani na Asia. Kazi hiyo inahitaji leseni chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisite, iliyotangazwa mwaka 1978, uvuvi hauruhusiwi kabisa. Matumbawe magumu nayo yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, kwa hiyo hayavushwi mpaka bila kibali. Ninayataja haya mapema kwa sababu hesabu ya maji ni hesabu ya uhai. Samaki aliyeondolewa mwambani hana tena bahari ya kumsafishia. Kazi hiyo sasa ni ya aliyemleta nyumbani.

Bahari inabadilisha kiasi gani

Ili kuona tunachojaribu kuiga, tazama rasi ya Diani, yale maji yaliyo kati ya ufuo na mwamba. Chukua kipande cha urefu wa kilomita 1 na upana wa mita 600. Siku za bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi. Kupanda kwa mita 3 katika kipande hicho ni mita za ujazo milioni 1.8, au lita bilioni 1.8. Kama maji yakipwa yanabaki na kina cha wastani wa mita 1, kilichokuwamo kabla ni lita milioni 600. Maana yake, maji yakijaa, robo tatu ya kilichomo kimeingia kutoka nje ya mwamba. Hata tukisema nusu ya hayo yaliyoingia ni yale yale yaliyotoka saa sita zilizopita, bado zaidi ya thuluthi moja ni mapya, na jambo hilo hutokea mara mbili kwa siku.

Hakuna tangi la nyumbani linalofikia hapo. Bahati ni kwamba halihitaji kufika. Bakteria wanaoishi kwenye mawe na mchanga hufanya sehemu kubwa ya kazi, na kubadilisha maji humalizia kile wasichokiweza.

Uchafu huanzia kwenye kopo la chakula

Samaki akila, protini aliyoila hutoka kama amonia, na amonia ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Nitrati haina ukali wa amonia, lakini haiondoki yenyewe, hukusanyika. Ikizidi, mwani hutanda kwenye kioo na matumbawe hudhoofika.

Kiasi chake kinaweza kukadiriwa. Chakula kikavu cha samaki kina protini ya karibu asilimia 45, na asilimia 16 ya protini ni nitrojeni. Ukitia gramu 1 kwa siku, umetia gramu 0.072 za nitrojeni. Nitrojeni hiyo ikigeuka yote kuwa nitrati, huwa miligramu 319. Katika lita 200, hiyo ni miligramu 1.6 kwa lita kila siku, au 11 kwa wiki.

Si yote inayobaki majini. Sehemu huingia katika nyama ya samaki anayekua, sehemu hutolewa na kichujio cha povu, na sehemu hulika ndani kabisa ya mawe mahali pasipofika hewa. Tuchukue kwamba karibu robo ndiyo inayobaki. Basi tangi letu hupanda miligramu 3 kwa lita kila wiki. Namba hii, 3, ndiyo tutakayoitumia. Aliye na kipimo cha nitrati anaweza kuipata yake kwa urahisi: apime leo, asibadilishe maji kwa siku saba, apime tena, kisha atoe.

Angalia mara moja nguvu ya namba hii. Anayelisha gramu 2 badala ya 1 ameifanya 3 kuwa 6. Kila lita ya kubadilisha na kila mtungi unaofuata hapa chini unazidishwa kwa mbili, kwa kidole kimoja cha chakula kilichozidi.

Asilimia ngapi, kila baada ya muda gani

Ukibadilisha sehemu ile ile ya maji kila wiki kwa miezi, nitrati haitapanda bila kikomo wala haitashuka hadi sifuri. Itatulia mahali ambapo kinachotolewa kwa wiki kinalingana na kinachoingia. Kanuni yake ni fupi: gawanya ongezeko la wiki kwa sehemu unayobadilisha. Kwa ongezeko la miligramu 3, kilele, yaani kipimo cha siku ya kubadilisha kabla hujaanza kazi, kinakuwa hivi:

Asilimia 10 kwa wiki (lita 20): kilele 30, baada ya kubadilisha 27.
Asilimia 20 kwa wiki (lita 40): kilele 15, baada ya kubadilisha 12.
Asilimia 30 kwa wiki (lita 60): kilele 10, baada ya kubadilisha 7.

Kutoka asilimia 10 hadi 20, lita 20 za ziada zimeondoa miligramu 15. Kutoka 20 hadi 30, lita 20 nyingine zimeondoa 5 tu. Hapo ndipo ninapopata lita 40. Kwa tangi la samaki lenye matumbawe machache laini, asilimia 20 ndiyo sehemu ambayo jasho la kubeba mitungi bado linalipa vizuri. Ukivuka hapo, ni nafuu zaidi kupunguza chakula.

Je, ukifanya mara chache kwa wingi? Lita 80 kila wiki mbili, yaani asilimia 40, hukupa kilele kile kile cha 15, lakini baada ya kubadilisha unashuka hadi 9. Lita ni zile zile kwa mwezi, na wastani wa nitrati ni mdogo zaidi: 12 badala ya 13.5. Kwa hesabu ya uchafu peke yake, kubadilisha kwa wingi ni bora kidogo. Kwa hesabu ya samaki, si bora. Sema tangi limekauka kidogo na chumvi imepanda hadi gramu 37.6 kwa kilo ya maji, na maji mapya yana 34. Ukibadilisha asilimia 20, chumvi inashuka kwa 0.7. Ukibadilisha nusu ya tangi, inashuka kwa 1.8 ndani ya nusu saa. Joto nalo ni hivyo hivyo: maji mapya ya nyuzi 24 katika tangi la nyuzi 28 yanashusha joto kwa 0.8 ukibadilisha asilimia 20, na kwa 2 ukibadilisha nusu. Kidogo kidogo kila wiki kinamkinga mnyama dhidi ya makosa ya mwenye nyumba.

Na aliyechelewa, ambaye nitrati yake imefika 80? Asilimia 20 kwa wiki itamchukua wiki 12 kushuka chini ya 20, kwa sababu uchafu mpya unaendelea kuingia. Njia fupi ni kupunguza chakula kwanza, kisha kubadilisha asilimia 30 mara mbili kwa wiki kwa muda, akihakikisha chumvi na joto la maji mapya vinalingana na vya tangi.

Wapi pa kuchota, na saa ngapi

Hesabu ya hapo juu ilichukua kwamba maji mapya hayana nitrati. Maji ya bahari kuu ya Hindi, nje ya mwamba, yanakaribia hivyo. Maji ya ukingoni si lazima yawe hivyo. Kanuni inasema kile kilichomo katika maji mapya hujumlishwa moja kwa moja kwenye kilele. Ukichota maji yenye miligramu 5, kilele cha 15 kinakuwa 20, na utakuwa umebeba mitungi 104 kwa mwaka ili kuleta uchafu nyumbani.

Pwani ya Kusini ina mahali pa kukwepa. Pale Kongo, kaskazini mwa ufuo wa Diani karibu na msikiti wa kale, Mto Mwachema huingia baharini, na chumvi hubadilika kila saa. Ghuba ya Gazi hupokea mito Mukurumudzi na Kidogoweni na imezungukwa na mikoko. Ni kitalu kizuri cha samaki, ila maji yake hubeba tope na rangi ya majani. Mto Ramisi hufanya hivyo upande wa Funzi. Baada ya mvua kubwa za masika, hata ufuo ulio mbali na mto hupokea maji ya barabara na ya mashimo ya vyoo, na inafaa kungoja siku kadhaa mpaka bahari ijisafishe.

Pia kuna maji yasiyoonekana. Ardhi ya ukanda huu ni mwamba wa matumbawe ya kale wenye vitundu, na maji ya chini ya ardhi hupenya na kutokea ufuoni maji yakipwa. Ndiyo maana maji ya kupwa hayafai. Ni machache, yamepashwa joto na jua, na yamechanganyika na maji ya nchi kavu.

Wakati unaofaa ni bamvua, maji yanapokaribia kujaa. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani hii hujaa karibu na saa kumi au kumi na moja, alfajiri na tena jioni. Ni saa ambayo mtu ametoka kazini na jua limepungua. Maji ya nje yameshavuka mwamba na kufika karibu. Ingia hadi kiunoni, chota chini kidogo ya uso wa maji, mbali na mawimbi yanayokoroga mchanga. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na kutupa majani ufuoni, ni afadhali kumlipa mwenye ngalawa anayetoka asubuhi akuletee mitungi minne kutoka nje ya mwamba.

Bamvua huja kila baada ya siku 14 au 15. Mitungi minne ya lita 20 ni lita 80, yaani maji ya wiki mbili hasa. Mwezi umekwisha kukupangia ratiba. Chota mara moja kila bamvua, tumia nusu wiki hii na nusu wiki ijayo.

Pima kabla ya kuondoka ufuoni. Refraktomita ndogo husoma chumvi kwa tone moja. Bahari hapa iko karibu na 35, yaani gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji. Ikisoma chini ya 33, mwaga na usogee mahali pengine. Kosa la ufuoni hurekebishwa kwa hatua chache, la nyumbani kwa wiki.

Kutoka mtungini hadi tangini

Maji yaliyochotwa yana viumbe wadogo sana. Wakifungiwa mtungini juani, hufa na kuoza, na amonia hupanda. Njia ya kwanza ni kuyapitisha kwenye kitambaa kizito au kichujio cha pamba, kuyaweka kwenye pipa la plastiki la chakula lenye kifuniko, gizani, na kuyapulizia hewa kwa pampu ndogo mpaka yatumike. Pipa la lita 200 linafaa: lita 80 za kutumia na lita 100 za dharura, maana stima ikikatika usiku kucha na samaki mmoja akafa, nusu ya tangi itahitaji maji mapya asubuhi hiyo hiyo.

Njia ya pili ni kuua viini kwa klorini, na inafaa kwa anayeogopa magonjwa. Dawa ya klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato ina miligramu 35 katika kila mililita. Kupata miligramu 10 kwa lita katika mtungi wa lita 20 unahitaji miligramu 200, yaani karibu mililita 6. Iache usiku mzima, kisha iondoe kwa thiosalfeti, pulizia hewa siku nzima, na upime. Kipimo cha klorini kinachotumiwa kwenye mabwawa ya kuogelea kinatosha. Kisiposoma sifuri, maji hayo hayaingii tangini.

Shilingi

Mitungi miwili ina uzito wa kilo 41. Minne ni kilo 82, na huo ni mzigo wa tuktuk. Tuseme tuktuk ya kwenda na kurudi ni shilingi 300. Safari 26 kwa mwaka ni shilingi 7,800. Pamba na mkaa wa kuchujia, tuseme shilingi 200 kwa mwezi, ni 2,400. Pampu ya hewa ya pipa, wati 5 mchana na usiku, hula uniti 3.6 kwa mwezi. Kwa shilingi 30 kwa uniti, hiyo ni karibu 1,300 kwa mwaka. Jumla ni 11,500.

Sasa chumvi. Mchanganyiko wa chumvi ya akwariamu huhitaji karibu gramu 38 kwa lita, kwa kuwa chembe zake zimeshika unyevu. Lita 40 ni kilo 1.52 na mwaka mzima ni kilo 79. Kila shilingi 100 katika bei ya kilo ni shilingi 7,900 katika bili ya mwaka. Ukiuziwa kilo kwa 500, ni 39,500. Ongeza maji safi ya kuyeyushia, lita 2,080 kwa shilingi 5 kwa lita, nayo ni 10,400. Jumla ni 49,900, zaidi ya mara nne ya bahari.

Kwa aliye Nairobi, chumvi bado ni sahihi. Kilo 79 hufanya kazi ya tani 2.1 za maji ambayo ingebidi yasafiri karibu kilomita 500. Ndivyo hata majumba makubwa ya samaki duniani yanavyogawanyika. Monterey Bay Aquarium ya California, iliyofunguliwa mwaka 1984 ukingoni mwa bahari, huvuta maji ya ghuba kwa pampu. Georgia Aquarium ya Atlanta, mbali na pwani, huchanganya chumvi yake yenyewe. Anayeishi Kwale yuko upande wa Monterey, na hana sababu ya kulipa bei ya Atlanta isipokuwa bahari imechafuka kwa wiki kadhaa. Kilo 5 za chumvi kabatini, zinazotosha lita 130, ni akiba ya busara kwa siku hizo.

Linganisha na umeme. Pampu ya wati 20 na kichujio cha povu cha wati 12 mchana na usiku, pamoja na taa ya wati 60 kwa saa 8, hula uniti 37 kwa mwezi. Kwa bei ile ile ya 30, ni karibu shilingi 13,500 kwa mwaka, zaidi ya maji. Tangi la Kwale halina haja ya hita, wakati la nyumba baridi ya Nairobi likiwasha hita ya wati 200 kwa saa 8 kwa siku huongeza uniti 48. Huku hatari ni joto. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kawaida kwa wiki kadhaa, sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilipauka na kufa, na lita 200 sebuleni hupata joto upesi kuliko bahari. Miezi ya kaskazi, feni ndogo juu ya maji ni muhimu kuliko taa ya bei kubwa.

Maji yanayopotea hewani

Feni hiyo, upepo na joto huvukiza maji. Chukua lita 2 kwa siku. Kinachoondoka ni maji matupu, chumvi hubaki. Bila kujaziwa kwa wiki, lita 200 huwa 186 na chumvi hupanda kutoka 35 hadi 37.6.

Wapo wanaojazia kwa maji ya bahari, na hapa ndipo maji ya bure yanapoua. Lita 14 kwa wiki zinaongeza gramu 490 za chumvi, na kipimo hupanda kwa 2.45 kila wiki. Maji yasipobadilishwa, ndani ya wiki nne kimefika karibu 45, na samaki wengi hawawezi kukistahimili. Kinachopotea ni maji baridi, basi kinachorudishwa kiwe maji baridi.

Maji hayo yawe safi. Visima vya ukanda huu vimechimbwa kwenye mwamba wa chokaa, maji yake ni mazito kwa madini, na karibu na vyoo huweza kubeba nitrati. Lita 2 kwa siku ni 730 kwa mwaka. Kama kisima kina miligramu 30 za nitrati kwa lita, mwaka mmoja umetia gramu 22, zinazotosha kupandisha tangi kwa miligramu 109 kwa lita. Zaidi ya thuluthi mbili ya faida ya mitungi yako imeliwa na kisima.

Mvua ndiyo jibu la bei nafuu. Usiikinge kwenye mabati, kwa sababu zinki yake huwadhuru kamba, konokono na matumbawe. Makuti nayo huipa rangi. Tandaza turubai safi la mita 2 kwa 2. Kila milimita ya mvua ni lita 4, na mvua moja nzuri ya masika ya milimita 50 ni lita 200, akiba ya siku 100.

Pale ambapo kubadilisha maji hakutoshi

Kanuni ile ile ya kugawanya huonyesha mpaka. Maji ya bahari yana miligramu kama 420 za kalsiamu kwa lita. Tangi lenye matumbawe machache, linalotumia miligramu 5 kwa wiki, kwa asilimia 20 litatulia karibu na 395, na hapo hakuna tatizo. Tangi lililojaa matumbawe magumu huweza kutumia miligramu 25 kwa wiki. Kwa asilimia 20, kalsiamu ingeshuka hadi 295, na alkali ingeisha kabla yake. Hapo mitungi haitoshi. Kinachohitajika ni kuongeza kalsiamu na alkali kila siku kwa kipimo, kwa mfano kwa maji ya chokaa safi ya maabara, si ile ya kupakia kuta. Anayeanza na asichague tangi ambalo maji peke yake hayawezi kulilisha.

Tangi dogo na tangi la hoteli

Wengi huanza na lita 60 wakiamini ni rahisi. Kwa maji ni rahisi kweli: lita 12 kwa wiki, mtungi mmoja unabakisha. Kwa makosa ni ghali. Gramu 1 ile ile ya chakula, ambayo katika lita 200 ingeleta nitrati 1.6 kwa siku, katika lita 60 huleta 5.3. Samaki mmoja aliyekufa bila kuonekana hupandisha amonia zaidi ya mara tatu. Lita 200 ni kipimo kinachosamehe.

Upande wa pili kuna tangi la mapokezi ya hoteli lenye lita 2,000. Lita 400 kwa wiki ni mitungi 20, lita 20,800 kwa mwaka. Kwa chumvi ni kilo 790. Hapo mtungi haufai tena. Kinachofaa ni bomba, pampu na pipa kubwa la kutulizia. Hoteli inayojenga bomba inapaswa kuzingatia kwamba maji ya Diani yamo katika Hifadhi ya Diani-Chale iliyotangazwa mwaka 1995, na kuomba vibali kabla ya kuchimba.

Maji yanayotoka

Lita 40 zinazotolewa zina chumvi ya kilo 1.4. Kwa mwaka ni kilo 73. Ukimwaga uani, chumvi hiyo hupenya moja kwa moja kwenye mwamba wenye vitundu, na jirani anachota kisima chini yake. Usimwage shambani wala shimoni. Yaue viini kwa klorini, yaondolee klorini kama yale ya kuingia, kisha yarudishe ufuoni chini ya alama ya maji kujaa. Hivyo ugonjwa wa samaki aliyenunuliwa haufiki kwa waliobaki mwambani.

Ukitaka kupunguza gharama hizi, fuata mpangilio huu. Kwanza pima chakula: kila gramu 1 unayoipunguza kwa siku hupunguza nitrati sawa na lita 40 za maji mapya kwa wiki. Pili, chota bamvua ikijaa, pima chumvi papo hapo, na ubadilishe asilimia 20 kila wiki bila kuruka. Tatu, jazia kwa maji ya mvua. Ukishafanya hayo matatu, tangi la lita 200 litakugharimu shilingi 25,000 kwa mwaka, umeme ukiwemo, yaani chini ya shilingi 70 kwa siku. Asiyeweza kulipa hizo 70 na nusu saa ya kazi kila wiki, amwache samaki mwambani, akaende kumwona Kisite kwa miwani ya kuogelea.